Lifu na spaini kwa ukumbi wa seva hapa Mwanza: hatua tatu zinatosha au twende tano?

JiweLaNyakato

Wakuu, salamu. Kuna ukumbi wa seva unapangwa upande wa Nyakato. Kuanzia ni raki 8, kila raki seva 20, kila seva poti mbili za 25G (gigabiti 25 kwa sekunde). Mwisho wa safari ni raki 24, jengo halibebi zaidi ya hapo. Mzigo mkubwa ni hifadhi ya Ceph (programu inayosambaza data kwenye seva nyingi) yenye nakala tatu, mashine pepe, na bekapu za usiku. Swichi zilizopo kwenye zabuni ni lifu (swichi ya kwenye raki, inayopokea seva) za poti 48 za 25G na poti 8 za 100G, pamoja na spaini (swichi ya juu inayounganisha lifu zote) za poti 32 za 100G.

Mchoro wa kwanza una lifu mbili kila raki na spaini 4. Raki 24 ni lifu 48, ongeza 2 za mpakani zinazoelekea nje, jumla 50. Spaini ina poti 32. Muuzaji mmoja anasema basi tujenge hatua tano, podi (kundi la raki lenye spaini zake) na supaspaini (ngazi ya swichi juu ya spaini), tangu siku ya kwanza. Mwingine anasema chukua chasisi mbili kubwa (swichi za kadi nyingi ndani ya sanduku moja), umalize kazi. Naomba hoja zenye namba. Ile ya "inategemea" nishaisikia vya kutosha.

Kambi_Tu

Nimekaa paleee, naweka kambi.

Fundi_Nyuzi

Mkuu, kwanza tuelewane hatua zinahesabiwaje. Pakiti ikitoka seva moja kwenda seva ya raki nyingine inapita lifu, spaini, lifu: hizo ni tatu. Ukiweka supaspaini juu, inapita lifu, spaini, supaspaini, spaini, lifu: hizo ni tano. Hesabu hii inatoka kwenye kazi ya Charles Clos wa Bell Labs, mwaka 1953, alipokuwa anatafuta namna ya kuunganisha simu nyingi bila kujenga swichi moja kubwa kupindukia. Tunachochora leo ni mtandao wa Clos uliokunjwa katikati, ndiyo maana lifu ya kuingilia na ya kutokea ni kifaa kilekile.

Ukomo wake ni rahisi. Kwa swichi za poti k zote sawa, bila kubana popote (kasi ya chini isizidi ya juu), hatua tatu zinabeba seva k² gawa kwa 2. Hatua tano zinabeba k³ gawa kwa 4. Swichi za poti 32 zinakupa 512 au 8,192. Za poti 64 zinakupa 2,048 au 65,536. Ila kwa 8,192 unahitaji swichi 1,280. Ukumbi wako wote ni seva 480.

Kwa hiyo swali lako la kweli ni hili: spaini ina poti ngapi, na lifu ngapi zinazigombea.

Sangara_Kilo

Mimi naunga mkono hatua tano. Wakubwa wote wamekwenda huko, na ukijenga podi leo hutabomoa kesho. Raki zikijaa unaongeza podi nyingine, mwisho wa hadithi.

MamaFabriki

Kaka Sangara, tazama vipimo vya hao wakubwa. Facebook walipoonyesha fabriki yao (mtandao mzima wa swichi) ya Altoona mwaka 2014, podi moja ilikuwa na raki 48 na swichi 4 za fabriki juu yake. Ukumbi wote wa Nyakato ni nusu ya podi moja.

Sasa tupige hesabu ya hatua tano kwa swichi za kwenye zabuni. Spaini ya poti 32 unaigawa: 16 chini, 16 juu. Podi moja inabeba lifu 16. Lifu 48 ni podi 3, kila podi spaini 4, jumla spaini 12. Juu kuna nyanda nne: spaini namba 1 za podi zote zinakwenda uwanda wa kwanza tu, namba 2 uwanda wa pili, na kuendelea. Kila uwanda unapokea linki 48, hivyo unahitaji supaspaini 2 zenye linki 24 kila moja. Jumla supaspaini 8, na zile lifu mbili za mpakani zinaning'inia hapohapo kwenye supaspaini.

Swichi 20 juu ya lifu. Linki 192 lifu kwa spaini, 192 spaini kwa supaspaini, 16 za mpakani. Hizo ni 400, na kila linki ina transiva mbili (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga, kimoja kila ncha). Transiva 800 za 100G kwa seva 480! Na bado hujanunua ya akiba hata moja.

Njia ya kutoka ni kuacha lifu mbili kwa kila raki. Seva 20 zinatumia poti 20 kati ya 48, zaidi ya nusu ya lifu imelala. Weka jozi moja ya lifu kwa raki mbili zinazopakana: lifu moja raki hii, lifu moja raki ya jirani, kila seva ina kebo moja kwake na moja kwa jirani. Seva 40, poti 40 kati ya 48. Raki 24 zinakuwa lifu 24, ongeza 2 za mpakani, 26. Spaini yako ya poti 32 inatosha na inabakiza 6. Hatua tatu, swichi zilezile za kwenye zabuni.

JiweLaNyakato

Dada, hapo umenifungua macho. Lakini kubana je? Lifu sasa inapokea 40 × 25G = 1,000G kutoka chini. Juu nina spaini 4, yaani 400G. Hiyo ni 2.5 kwa 1.

MamaFabriki

Ndiyo, 2.5 kwa 1 ukianza na spaini 4. Lifu ina poti 8 za 100G, kwa hiyo unaacha nne wazi na kupanga nafasi ya spaini namba 5 hadi 8. Siku Ceph ikianza kulalamika unaongeza spaini nne: 1,000 kwa 800, yaani 1.25 kwa 1. Linki zinafika 208, karibu nusu ya zile 400, na hakuna lifu inayohamishwa wala anwani inayobadilika.

Usikubali kutumia linki mbili kutoka kila lifu kwenda spaini zilezile nne. Kwenye karatasi kasi ni ileile 800G, lakini lifu 26 mara 2 ni poti 52, na spaini ina 32. Kosa hili huwa linagunduliwa raki ya 15 inapoletwa.

Pakiti9000

Tofauti nyingine ya spaini 4 na 8: ukitoa moja kwa matengenezo unabaki na asilimia 75 au 87.5. Ukiwa na chasisi mbili unabaki na 50. Na hiyo chasisi, fungua kifuniko: kadi za poti ni lifu, kadi za nyuma ni spaini, ni Clos ndani ya sanduku moja. Unalipia hatua zilezile, ila hatua za ndani huzioni, na programu ni moja. Ikianguka, nusu ya uwezo wa mtandao inaanguka nayo.

Sangara_Kilo

Sawa kwa hesabu ya raki 24, nakubali. Lakini uwiano wa 1 kwa 1 si ndiyo "isiyozuia"? Kwa nini asiende hapo moja kwa moja akalala usingizi? Poti 40 chini, basi aombe lifu zenye 100G kumi juu.

Fundi_Nyuzi

Kwa sababu 1 kwa 1 haimaanishi hakuna kugongana. Clos alionyesha kwamba kwa lifu yenye viingilio n, ukiwa na swichi za kati 2n − 1 au zaidi, simu mpya haikosi njia kamwe. Ukiwa na n tu, njia ipo, ila huenda ukalazimika kuzihamisha simu nyingine kwanza. Sisi tunajenga kwa n, halafu hatuhamishi kitu: ECMP (kugawa mzigo kwa njia zilizo sawa) inapiga hashi (hesabu inayotoa namba moja) ya anwani na poti, inauweka mtiririko kwenye linki moja, na unakaa hapo mpaka uishe. Mitiririko miwili minene ikiangukia linki moja ya 100G inagawana, hata kama linki nyingine zote zimelala.

Kwa bekapu za usiku hili ndilo hasa litakuumiza, maana mitiririko ni michache na minene. Dawa ya bei nafuu iko kwenye seva: gawa bekapu iwe na mitiririko mingi sambamba. Ceph yenyewe haina shida sana hapo, ina miunganisho mingi kati ya seva nyingi.

Shida ya Ceph ni nyingine: wengi kumwandikia mmoja kwa wakati mmoja. Chukua seva 20 zenye 25G zikielekea poti moja ya 25G. Kinachozidi ni 475G kwa sekunde. Swichi yenye chipu ya Trident 3 ina bafa (kumbukumbu ya foleni) ya MB 32 kwa poti zote. Hata poti hiyo ingepewa bafa nzima, na haipewi, ingejaa kwa karibu nusu ya milisekunde. Kuongeza spaini hakusaidii chochote hapa, kwa sababu foleni iko kwenye poti ya mwisho inayoshuka kwa seva. Washa ECN (alama kwenye pakiti kwamba foleni inajaa) kwenye lifu, na seva zitumie DCTCP (TCP inayopunguza kasi kwa alama hizo) ndani ya ukumbi, ili wanaotuma wapunguze kasi kabla pakiti hazijamwagika. DCTCP isitoke nje ya ukumbi. Ikichanganyika na TCP ya kawaida kwenye foleni moja inawapokonya wenzake.

Kambi_Tu

Swali la mwanafunzi: kuna sababu gani basi watu waogope hatua tano, ukiacha bei?

Pakiti9000

Mbili kubwa.

Ya kwanza ni hashi kurundika njia. Lifu inagawa mitiririko kwa spaini nne. Spaini namba 1 inapokea ile tu ambayo hashi ilijibu "moja". Ikitumia hashi ileile yenye mbegu (namba ya kuanzia hesabu) ileile kuigawa kwenda supaspaini, jibu linakuwa lilelile, na sehemu ya linki zake za juu hazipati kitu. Grafu inaonyesha poti moja ikiwaka na jirani yake ikiwa sifuri. Kila ngazi ipewe mbegu yake: lifu moja, spaini nyingine, supaspaini nyingine. Kwenye hatua tatu huwezi kuuona ugonjwa huu, kwa sababu spaini ina njia moja tu ya kushuka kwa lifu. Na kwa VXLAN (mtandao pepe unaofungasha fremu ndani ya pakiti za UDP), hakikisha hashi inatazama poti ya UDP ya chanzo. Poti ya kufikia ni 4789 siku zote, haitofautishi kitu.

Ya pili ni shimo jeusi la muhtasari wa njia. Mtu anaona njia ni nyingi, anaiambia spaini itangaze juu muhtasari wa podi nzima. Linki ya spaini 1 kwenda lifu 7 ikikatika, spaini 1 bado inatangaza "podi yote iko kwangu". Supaspaini za uwanda wa kwanza zinaendelea kuiletea pakiti za lifu 7, nayo haina pa kuzipeleka, inazitupa. Ukipima, karibu robo ya miunganisho ya kwenda lifu 7 inakufa na robo tatu ziko sawa, jambo linalowachanganya hata wazoefu. Acha kila njia ya lifu ipande hadi juu bila muhtasari. Hapo spaini 1 inaondoa njia ya lifu 7, supaspaini inaondoa, mpaka lifu za podi nyingine zinaacha kutumia uwanda huo kwa lifu hiyo tu. Muhtasari uweke kwenye lifu za mpakani, unapotangaza nje.

JiweLaNyakato

Nimeelewa. Hatua tatu, jozi kwa raki mbili. Twende kwenye protokali. Nafikiria OSPF (protokali ya swichi kupashana njia) kwa njia za chini, halafu BGP EVPN (inayotangaza anwani za seva kwenye mtandao pepe) juu yake.

MamaFabriki

OSPF itafanya kazi vizuri kwa ukubwa huo, sitakudanganya. Mimi ningeweka eBGP (BGP kati ya vifaa vyenye namba tofauti za AS) peke yake chini na juu, kwa sababu unajifunza na kutengeneza protokali moja badala ya mbili. Mpangilio uko kwenye RFC 7938 (waraka wa wahandisi wa intaneti) ya mwaka 2016:

Spaini zote ziwe na namba moja ya AS (utambulisho wa kifaa kwenye BGP), tuseme 65000. Kila lifu iwe na yake: 65101, 65102, mpaka mwisho. Namba za binafsi za baiti mbili ni 64512 hadi 65534, zinatosha kwako mara nyingi. Spaini kushiriki namba moja kuna kazi: njia iliyotoka spaini ikapita lifu haiwezi kurudi spaini nyingine, inakataliwa papo hapo kwa kuwa 65000 imo tayari kwenye orodha ya AS ambazo njia imepitia. Bila hivyo, lifu ikizimika, BGP inaanza kutafuta njia za kuzunguka ambazo hazipo, na inachelewa kukubali kuwa lifu imekufa.

Kuna mtego kwenye jozi. Seva iliyofungwa kwa lifu 65101 na 65102 inatangazwa kwa orodha mbili tofauti zenye urefu sawa. Programu nyingi za BGP hazigawi mzigo mpaka orodha zifanane kabisa. Washa ruhusa ya kugawa kwa urefu sawa tu, la sivyo lifu moja ya jozi inabeba yote.

Vipima muda vya BGP (salamu na kusubiri): kiasili ni sekunde 60 na 180 kwenye vifaa vingi, weka 3 na 9. Kipindi cha kutangaza njia kwa eBGP kiko sekunde 30 kwenye baadhi ya programu, kishushe hadi 0. BFD (ukaguzi wa haraka kama linki iko hai) ya milisekunde 300 mara 3 iweke, ingawa kwa faiba ya moja kwa moja poti yenyewe inaanguka mapema zaidi. BFD inasaidia pale linki inapowaka huku haipitishi kitu.

Pakiti9000

Na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), jamani. VXLAN inaongeza baiti 50: Ethaneti ya nje 14, IP 20, UDP 8, VXLAN yenyewe 8. Seva zikiwa na 9000, fabriki iwe 9216 kila poti. Balaa ni kwamba kwa swichi fulani 9216 ni ukubwa wa fremu nzima, kwa nyingine ni wa IP pekee, kwa hiyo usiamini kusoma, pima. Kutoka seva hadi seva ya raki nyingine:

`ping -M do -s 8972 <anwani>`

8972 ni 9000 ukitoa 28 za IP na ICMP. Rudia kwa anwani tofauti tofauti, kwa sababu kila moja inaangukia spaini yake kwa hashi. Poti moja iliyosahaulika ina dalili zake: BGP iko juu, ping ndogo inapita, SSH inaingia, faili kubwa linaganda.

Fundi_Nyuzi

Tuje kwenye nyuzi.

Seva kwa lifu: kebo za shaba za DAC za 25G. Usiiweke lifu juu kabisa ya raki, iweke katikati, karibu na U22 (nafasi ya 22 ya raki). Raki ya 42U ina kimo cha milimita 1,867, hivyo kutoka katikati hadi seva ya mwisho ni chini ya mita moja. Ongeza upana wa raki na mkunjo, mita 2 hadi 2.5 zinafika hata kwa raki ya jirani. Nunua za 1.5 za ndani na 3 za kuvuka. Hakikisha ukuta wa pembeni kati ya raki mbili umeondolewa.

FEC (usahihishaji wa makosa ya biti) ilingane pande zote mbili. Kadi ya seva ikijiamulia aina moja na lifu nyingine, poti haiwaki na utabadilisha kebo tatu bure. Na kwa swichi nyingi za poti 48 za 25G, kasi inawekwa kwa makundi ya poti nne. Seva moja ya zamani ya 10G inalazimisha jirani zake watatu kushuka 10G nao. Zikusanye za zamani kwenye kundi moja.

Lifu kwa spaini: kuna transiva ya SR4 juu ya OM4 (faiba ya modi nyingi), inafika mita 100, inatumia kiunganishi cha MPO chenye nyuzi 12 ambazo 8 ndizo zinafanya kazi. Na kuna CWDM4 juu ya faiba ya modi moja, viunganishi viwili vidogo vya LC, kilomita 2. Chagua modi moja. Faiba utakayoilaza kwenye trei leo itabaki pale transiva zikibadilishwa mara mbili. CWDM4 nayo inataka FEC ya RS iwashwe.

Ila mtu asikudanganye kwamba CWDM4 hiyo itazungumza na spaini ya 400G baadaye. Transiva ya 400G ya DR4 inagawanyika kuwa 100G nne za DR, kila moja rangi moja ya mwanga. CWDM4 ina rangi nne za 25G. Faiba itabaki, transiva za upande wa lifu zitatupwa.

Safisha kila ncha kabla ya kuchomeka, hata mpya kutoka mfukoni, halafu soma mwanga unaoingia kila poti na uandike siku hiyohiyo. Miezi sita baadaye namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama poti imeshuka au ilizaliwa hivyo.

Sangara_Kilo

Kuna mengine ya huku kwetu ambayo vitabu havisemi.

Wadudu wa ziwani. Mawingu yao huja zaidi karibu na mwezi mwandamo na yanafuata taa. Kama kiyoyozi kinavuta hewa ya nje, chujio linaziba usiku mmoja. Taa za nje ziwe mbali na matundu ya hewa, machujio ya akiba yawepo, na usivute hewa ya nje moja kwa moja kwenye ukumbi.

Radi. Ukanda wa ziwa ni kati ya maeneo yenye radi nyingi Afrika. Jengo kwa jengo ni faiba tu, isiyo na waya wa chuma ndani. Kebo ya shaba ya mita 30 kwenda kibanda cha mlinzi inatosha kuleta msiba kwenye lifu.

Mwinuko. Tuko juu ya mita 1,134 za uso wa ziwa. Daraja A2 la ASHRAE (chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani) lina kikomo cha nyuzi 35, na kinashuka nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Kwetu ni kama nyuzi 1, si kubwa, ila ihesabu. Lengo liwe 18 hadi 27 mbele ya raki.

Feni. Lifu za kati ya seva kwa kawaida poti zinatazama nyuma ya raki, kwa hiyo hewa iingie upande wa pawasapulai na itokee upande wa poti. Andika mwelekeo huo kwenye oda, neno kwa neno. Swichi yenye feni za kinyume inavuta hewa ya moto ya seva, inapiga kelele na hatimaye inajizima.

Pakiti9000

Ongeza umeme wa TANESCO ukikatika na jenereta ikachelewa. Ukumbi wote ukiwaka pamoja, lifu inaweza kuwasha poti za seva kabla BGP haijasimama. Seva inaona linki iko hai, inatuma, lifu haina njia ya kwenda juu, pakiti zinapotea. Weka chelewesho la poti za seva baada ya lifu kuwaka, sekunde 300 ni mahali pazuri pa kuanzia, na weka ufuatiliaji: linki zote za juu zikianguka, lifu izime poti za chini ili seva ihamie lifu ya pili. Pawasapulai mbili za kila swichi ziwe kwenye njia mbili tofauti za umeme, na uzipime kwa kuchomoa njia moja kabla seva hazijaingia.

JiweLaNyakato

Swali la pembeni: bosi anataka nusu ya raki ziwe jengo la pili, Buhongwa. Njia ya faiba tuseme kilomita 15. Tupeleke spaini mbili kule?

MamaFabriki

Hapana. Kila lifu ingehitaji faiba zake za kilomita 15 kwenda spaini za upande wa pili, na transiva za LR4 zinaishia kilomita 10, kwa hiyo ni za masafa marefu zaidi kwa kila linki. Na mwanga unachukua mikrosekunde 5 kwa kilomita: 75 kwenda, 150 kwenda na kurudi, wakati ndani ya ukumbi swichi moja inachukua takriban 1 au pungufu. Hashi haijui umbali, ingezituma pakiti za raki mbili jirani Nyakato zikazunguke Buhongwa.

Jenga fabriki mbili kamili, ziunganishe kupitia lifu za mpakani, kila upande na spaini zake. Ceph moja isinyooshwe katikati. Nakili kutoka hifadhi moja kwenda nyingine bila kusubiri jibu la upande wa pili. Njia mbili za faiba zisipite mtaro mmoja. Kwa mawe ya Mwanza watu wanapenda kupita pale palipochimbika tayari, na hapo ndipo njia mbili zinageuka kuwa moja.

JiweLaNyakato

Nimeweka oda ya awamu ya kwanza hivi, mnikosoe: lifu 8 za 25G na 1 ya akiba. Swichi za poti 32 za 100G ni 7: spaini 4, lifu za mpakani 2, akiba 1. Linki 10 × 4 = 40, transiva 80 na za akiba 8. DAC 160 za mita 1.5, 160 za mita 3. Kila jozi ya lifu ina MLAG (lifu mbili kuonekana moja kwa seva), linki mbili za 100G kati yao.

Fundi_Nyuzi

Kutumia kifaa kilekile kwa spaini na mpakani ili akiba moja itibu pande zote mbili, hapo umecheza vizuri, maana kifaa cha kubadilisha kikitoka Dar kina safari ya zaidi ya kilomita 1,100.

Kosa liko mstari wa mwisho. Poti 8 za 100G za lifu tumezigawa: 4 za spaini za sasa, 4 za spaini 5 hadi 8. MLAG ikichukua mbili, utafika spaini ya 6 na kukwama hapo: 1,000 kwa 600.

MamaFabriki

Zipo njia mbili. Tumia EVPN yenye kufunga seva kwa ESI (kitambulisho cha seva iliyofungwa kwa lifu mbili), ambayo haihitaji linki kati ya lifu mbili kabisa, mradi uthibitishe kwa muuzaji kwamba programu ya hiyo lifu inaimudu kwa jozi hizo na seva zenye LACP (kufunga poti mbili zifanye kazi kama moja). Au baki na MLAG lakini linki ya kati itoke kwenye poti 8 za 25G zinazobaki kila lifu: chukua nne, ni 100G, inatosha, kwa sababu siku ya kawaida hapo haipiti data nyingi. Ongeza basi DAC 16 za mita 3 kwa jozi nne.

JiweLaNyakato

Nachukua MLAG kwa 25G, nne kwa nne. Poti 45 hadi 48 kila lifu. DAC za mita 3 zinakuwa 176.

Pakiti9000

Angalia kama 45 hadi 48 ni kundi moja la kasi kwenye modeli hiyo. Na ukishafunga, linganisha LLDP (kila kifaa hujitambulisha kwa jirani wake) ya kila poti na mchoro kabla ya kuweka BGP. Kebo iliyoingia spaini 3 badala ya 2 haitaonyesha kosa lolote leo, itaonyesha siku unapoitoa spaini 2 kwa matengenezo.